Sarmale za Krismasi: kupika usichoruhusiwa kuonja

Nimeolewa Romania, upande wa Suceava, na kila Desemba jikoni kwa mama mkwe kuna kazi moja isiyokwepeka: sarmale. Ni nyama ya kusaga na mchele, vikaviringishwa ndani ya jani la kabichi iliyochachuka. Kuviringisha si shida. Shida ni kwamba Waorthodoksi wa huku hufunga kuanzia tarehe 15 Novemba hadi mkesha wa Krismasi, hawali nyama, maziwa wala mayai, na sufuria inabandikwa tarehe 24, mfungo haujaisha. Unapika nyama bila kuonja. Mwaka wangu wa kwanza nilitia chumvi kwa mazoea ya pilau, na siku ya Krismasi meza nzima ilikuwa ikiomba maji.

Mahitaji (zitatoka kama 50 ndogo)
Nyama ya nguruwe ya kusaga yenye mafuta, kilo 1. Mchele, gramu 150. Vitunguu 3. Kabichi 2 zilizochachushwa nzima nzima kwenye maji ya chumvi. Nyama iliyokaushwa kwa moshi, nusu kilo. Nyanya ya kopo vijiko 3, pilipili manga, na majani ya mărar (dill) na cimbru (jamii ya thyme), ambayo ndiyo harufu yenyewe ya Krismasi huku.

Kijijini nyama ni ya nguruwe aliyechinjwa tarehe 20, siku ya Ignat, yaani Mtakatifu Ignasi. Waliosaidia kuchinja hukaangiwa nyama hapo hapo, karamu iitwayo pomana porcului, na wengi siku hiyo huufumbia mfungo macho. Mama mkwe hafumbi.

1. Onja jani. Kabichi inaruhusiwa, basi yenyewe ndiyo kipimo chako. Tafuna kipande. Kikikukunjisha uso, loweka majani kwenye maji baridi saa moja, kisha onja tena. Jani likiwa na chumvi ya kutosha, nyama usiitie hata chembe. Likiwa limepooza, kijiko kimoja cha chai kwa kilo.

2. Kaanga vitunguu mpaka vilegee, tia mchele uliooshwa, geuza dakika mbili, epua. Vikipoa changanya na nyama, mărar, cimbru na pilipili manga. Mchele usiive, utaivia ndani.

3. Punguza mshipa wa jani kwa kisu, ule mnene wa katikati, la sivyo halikunjiki. Kata majani makubwa mara mbili. Watu wa huku, eneo la Moldova lililo ndani ya Romania, hujivunia sarmale ndogo, na ukikunja kubwa kama ngumi utasikia maneno.

4. Kunja. Nyama kiasi cha kijiko, iweke ukingoni mwa jani, viringisha, halafu sukuma ncha mbili ndani kwa kidole. Usikaze sana, mchele utavimba na jani litapasuka.

5. Panga. Chini ya sufuria tandika kabichi iliyokatwakatwa na nusu ya nyama ya moshi. Zungushia sarmale zikibanana, nyama iliyobaki ipenyeze katikati, funika kwa majani mazima. Mimina maji yenye nyanya mpaka yazifunike.

6. Moto mdogo, saa 3 hadi 4. Usitie mwiko humo. Tikisa sufuria tu. Maji yakipungua ongeza ya moto.

7. Mămăligă. Hapa hutahitaji mwalimu, maana ni ugali wa mahindi ya njano, ila laini kidogo kuliko wetu. Mama mkwe aliponiona nikisonga mara ya kwanza alinyamaza, akaniachia mwiko, na tangu hapo kazi hiyo ni yangu. Hupinduliwa juu ya ubao na kukatwa kwa uzi. Kando weka smântână, krimu nzito yenye uchachu, na pilipili kali.

Sufuria ikichemka tayarisha pia kapu la tufaha, jozi (walnut) na mikate ya duara. Jioni hiyo watoto wa jirani hugonga mlango na kuuliza, "Primiți colindătorii?", yaani mnatupokea waimbaji? Jibu ni ndiyo, nao huimba wakiwa wamesimama kwenye theluji. Mwaka jana mdogo wao aliacha kuimba katikati ya ubeti, akanusa kuelekea jikoni, akauliza kama sarmale zimeiva. Mama mkwe akamwambia arudi kesho.