Somo: Kujikinga na kuungua na jua kwenye mbio ndefu, Unguja na Pemba

Somo hili ni la mkimbiaji wa nusu marathoni na kuendelea, mpanda baiskeli wa Mjini hadi Nungwi, na wale wa resi za ngalawa ambao asubuhi yote iko majini. Wote wanakaa juani saa nyingi, wanatoka jasho, na hawawezi kusimama kivulini kila wanapotaka. Wengi wao huanza na chupa ya mafuta ya jua. Sisi tunasema mafuta yaje mwisho: kwanza saa, pili njia, tatu nguo, na mafuta yawe ya pale palipobaki wazi. Ukiugeuza mpango huu utamaliza chupa na ngozi itababuka vilevile.

Tena si suala la sura. Ngozi iliyoungua haitoi jasho sawasawa, na hali hiyo huweza kubaki siku kadhaa, hata wiki. Aliyeungua mgongo kwenye mazoezi marefu ya Jumapili anaweza kuingia mbioni Jumapili ya pili na mgongo usiopoa.

Hatua ya 1: Ijue saa ya jua

Jua letu halifiki utosini saa sita kamili. Kwa saa tunazotumia, linafika kati ya saa 6:07 na saa 6:37 mchana, inategemea mwezi. Kwa hiyo anayesema "saa sita imeshapita, jua linashuka" anajidanganya kwa nusu saa nzima.

Kipimo cha bure ni kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, mionzi ya UV (ile ya jua isiyoonekana, inayounguza ngozi) bado si mikali. Kikishakuwa kifupi kuliko wewe, umeingia kwenye saa za kuungua. Machi na Oktoba hali hiyo huanza saa 3 na kitu asubuhi na haimaliziki mpaka saa 9 na kitu alasiri. Juni na Julai saa hizo hupungua, kama saa 4 asubuhi hadi saa 9 kasorobo. Zanzibar iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 8 Oktoba, jua la mchana hupita juu ya kichwa na kivuli chako unakikanyaga. Siku za namna hiyo, mbingu ikiwa wazi, kipimo cha UV hupita 11, ambacho kwa Shirika la Afya Duniani ndicho daraja la juu kabisa.

Joto na UV ni vitu viwili. Wakati wa kusi upepo unapuliza, mwili unapoa, na mtu anavua shati kwa raha zake. Anayeungua zaidi mara nyingi ni huyu, siyo wa kaskazi anayelikimbia joto. Mawingu mepesi nayo yasikudanganye, yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi.

Sasa piga hesabu. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, wa nusu marathoni anayetumia saa mbili anamaliza saa 2, kabla jua halijawa kali. Wa marathoni kamili anayetumia saa tano anamaliza saa 5, na zaidi ya saa nzima ya mwisho iko kwenye jua la kuunguza. Lakini mbio zetu tunazijua: mgeni rasmi hajafika, hotuba, picha, na filimbi inapigwa saa 1 na nusu. Panga kinga yako kwa saa ambayo mbio zitaanza kweli, si ile ya kwenye tangazo.

Hatua ya 2: Isome njia

Kivuli cha msitu wa Jozani ni kingine, na kipande cha Paje, Jambiani hadi Makunduchi ni kingine kabisa: uwanda wa mawe, vichaka vya kiunoni, hakuna pa kujificha. Pemba, ndani ya msitu wa Ngezi hujali chochote, ukitokea ufukweni Vumawimbi uko kwenye mchanga mweupe. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari kama asilimia 25, ndiyo maana watu wa ngalawa huungua chini ya kidevu na chini ya pua hata wakiwa na kofia.

Angalia na upande. Ukielekea kaskazini asubuhi, kutoka Mjini kwenda Nungwi, jua lipo kuliani muda wote, na sikio, shingo na mkono wa kulia ndivyo vitakavyolipa. Mpanda baiskeli anayeinama aongeze kisogo, mgongo wa viganja, paja juu ya goti, na ule ukanda mwembamba wa kiunoni ambapo jezi hupanda na bukta hushuka. Ukanda huo husahauliwa karibu kila mara, na ndio unaouma ukikaa kitini.

Hatua ya 3: Nguo

Kinga ya nguo nzuri haiondoki kwa jasho wala haihitaji kupakwa upya. Chukua ya mikono mirefu, polista iliyofumwa kwa karibu, isiyobana. Ikiwa na alama ya UPF 50 (UPF ni kipimo cha kinga ya nguo) hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba hupitisha kama sehemu moja kati ya sita, na ukijimwagia maji kituoni inakuwa dhaifu zaidi.

Kwenye mitumba hakuna alama, kwa hiyo pima mwenyewe: tia mkono ndani ya nguo, uinue kwenye mwanga. Ukiona vidole, iache. Jezi za mpira zina vipande vya matundu kwapani na mgongoni. Kwapani si neno, mgongoni ni neno. Soksi za mikono ni nzuri kwa aliyekwisha kununua fulana ya mikono mifupi, ila unyanyue mkono kuona kama zinaacha pengo begani.

Kofia: kapelo inakinga paji la uso na pua, masikio na kisogo vinabaki nje. Tafuta yenye kitambaa cha nyuma, au yenye ukingo wa sentimita 7 kuzunguka. Kofia ya ukili ni nzuri ikiwa imesukwa kwa kukaza, lakini ifungwe kamba kidevuni, la sivyo utaikimbiza kofia badala ya mbio. Kofia ya viua haina ukingo na imejaa matundu, ibaki ya msikitini.

Miwani iwe na alama ya UV400, yaani inayozuia mionzi ya UV. Jua na upepo wa bahari wa miaka mingi huotesha kinyama kwenye weupe wa jicho, na kwa wavuvi utakiona sana.

Hatua ya 4: Mafuta

SPF ni namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi ya UVB, aina ya UV inayounguza zaidi, SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Namba ya kwenye chupa imepimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na wengi wetu tunapaka nusu ya hapo au chini. Chagua yenye maandishi ya kinga ya UVA pia, ile aina nyingine ya UV, na ya kuhimili maji.

Vipimo kwa kijiko cha chai: uso, masikio na shingo kijiko 1, kila mkono kijiko 1, kila mguu vijiko 2, kifua na tumbo 1, mgongo 1. Jumla vijiko 9, kama mililita 45. Mwenye singleti na bukta fupi atapunguza kidogo tu, na mbio za saa tano zinataka kupaka mara tatu, yaani karibu mililita 100. Mwenye mikono mirefu na taiti ya magotini anapaka uso na shingo, viganja kwa nusu kijiko, na kijiko 1 kwa kila muundi: kama mililita 18 kwa mara moja, kichupa cha 50 kinamtosha karibu mbio nzima. Hapo ndipo nguo inaporudisha pesa yake.

Paka dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoka, kwenye ngozi kavu. Utaratibu una maana: mafuta ya jua kwanza, yakauke, ndipo vaselini ya kuzuia michubuko mapajani na kwapani, na dawa ya mbu mwisho. Ukitanguliza vaselini, mafuta ya jua hayashiki. Kwenye paji la uso usipake majimaji, kwani jasho litayateremsha machoni na utakimbia ukilia. Tumia ya kijiti au zinki nzito, na uishie kidole kimoja juu ya nyusi. Kisha futa viganja, chupa na mpini wa baiskeli visiteleze.

Usisahau midomo, na wenye nywele za kusuka, mistari ya kichwani ni ngozi tupu.

Hatua ya 5: Kupaka tena njiani

Kila saa mbili, na mapema zaidi ukijimwagia maji sana. Usingoje kuwashwa. Uwekundu na maumivu huanza saa tatu hadi sita baada ya kuungua na hufika kilele kati ya saa 12 na 24, kwa hiyo ukihisi kitu ukiwa mbioni umeshachelewa. Chagua kituo cha maji kilicho kabla ya kipande cha wazi, siyo baada yake. Simama, kausha jasho kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua, paka, ondoka. Ni kama dakika moja na nusu. Mafuta yaliyopakwa juu ya jasho huviringika kama unga wenye madonge na kuanguka.

Chupa usiiache ndani ya gari juani. Ikijitenga maji na mafuta, itupe.

Yanayoharibu kinga yote

Ndimu ni ya kwanza. Wapo wanaojisugua kwapani kuondoa harufu, na vituoni kuna wanaokamua ndimu kwenye maji kwa mkono. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ikapigwa na jua, siku moja au mbili baadaye hutoka malengelenge, kisha madoa meusi ya wiki kadhaa. Osha kwa sabuni kabla ya kutoka.

Mkorogo ni wa pili: ngozi iliyochubuliwa imeondolewa kinga yake ya asili, na hakuna SPF itakayoirudisha. Tatu ni dawa. Doksisaiklini (antibayotiki) na baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza huifanya ngozi iungue upesi. Usiache dawa kwa ajili ya mbio. Muulize daktari na uvae mikono mirefu.

Maswali ya wanachama

*Maalim, mimi ni mweusi tititi. Haya yote si ya wazungu?*

Rangi yako inakinga, lakini hesabu yake ni ndogo: ngozi nyeusi imekadiriwa kama SPF 13. Kwa shughuli za kawaida inatosha. Kwa saa nne za uwandani Oktoba haitoshi. Wewe hutaona wekundu. Utahisi ngozi imekaza, ina moto, inawasha, kisha inachunika na kuacha weusi usiolingana. Anza na pua, masikio, mabega na midomo.

*Asalaam alaykum. Mafuta yanayohimili maji yanafukuza maji. Udhu wangu?*

Wa alaykumu salaam. Hukumu yake muulize sheikh wako. Kwa utaratibu: tia udhu wa Alfajiri, sali, ndipo upake. Ukimaliza mbio, yaondoe kwa sabuni na kitambaa, maana maji matupu hayayatoi, tia udhu wa Adhuhuri, kisha upake upya kama bado unakaa nje.

*Nakimbia na ushungi. Uso tu ndio wa kupaka?*

Uso na viganja, bibie, na uko mbele ya wengi hapa. Angalia mambo mawili: ushungi wa kitambaa chepesi kinachoonyesha ubadilishe kwa jezi nyepesi ya polista, na pale unapoukunja nyuma ya masikio kwa sababu ya joto, kisogo kinatoka. Valia kapelo juu yake, maana ushungi peke yake haukingi pua.

*Nampaka mwanangu mafuta ya nazi na liwa. Yanasaidia?*

Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, kinga yake ni ndogo na haitabiriki. Liwa hupoza na kunukia, hukatika kwa jasho la dakika kumi. Vyote viwili viwe vya jioni baada ya kuoga.

*Kijana wetu wa skuli ana ualbino, anataka kukimbia kilomita 10. Tumkatalie?*

Msimkatalie, mpangieni. Mbio zianze saa 12, amalize kabla ya saa 1 na nusu. Mikono mirefu, suruali, kofia ya ukingo mpana, miwani, na SPF 50 usoni na viganjani. Mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi yametungwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizeni kwenye jumuiya yao au kliniki ya ngozi. Mkimbiaji mmoja awe naye na mwavuli umngoje mwisho wa mbio, kwani huungua zaidi akisubiri medali kuliko akikimbia. Mwanzo ukisogezwa mpaka saa 2, hapo asikimbie. Na kidonda chochote kisichopona wiki nne kionwe na daktari.

*Nimeshaungua mabega, tangu jana. Nifanye nini?*

Maji baridi ya bomba, kitambaa chenye maji dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, ndimu kabisa hapana. Utomvu mweupe wa katikati ya jani la mshubiri unapoza. Ule wa njano wa chini ya ganda uumwage, unawasha. Malengelenge usiyapasue. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Aibuprofeni baada ya mbio ndefu huzielemea figo mwili ukiwa umekauka, ngoja kwanza unywe na upate mkojo mwingi wa rangi nyepesi. Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mazoezi yawe ya alfajiri au ndani, bega limefunikwa, mpaka ngozi iache kuuma ukiigusa na imalize kuchunika.