Kulinganisha uhalisia na uliberali: anza na tukio, nadharia baadaye

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo nilipewa swali la kulinganisha uhalisia na uliberali, nadharia mbili za uhusiano wa kimataifa, nikapiga mstari katikati ya karatasi, kushoto uhalisia kulia uliberali, nikajaza kurasa nne, karatasi ikarudi na peni nyekundu chini: ulinganisho uko wapi? Mwalimu alikuwa sahihi kabisa, manake nilieleza nadharia mbili ambazo hazikukutana popote.

Kwa hiyo chagua tukio moja unalolijua vizuri. Mimi natumia Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ya mkataba wa 1967 iliyovunjika 1977, reli moja, bandari, posta, hadi ndege shirika moja, na bado ikafa.

Halafu ziulize nadharia zote mbili swali lilelile, na swali zuri kuliko yote ni hili: nchi inajali imepata nini, au inajali jirani kapata zaidi? Mtu wa uhalisia anakwambia juu ya serikali hakuna serikali nyingine ya kukukinga, ndo maana lazima uangalie jirani anakuzidi kiasi gani, na kweli unaliona, viwanda vingi vilikuwa Kenya, Tanzania na Uganda wakalalamika mpaka mkataba ukaweka kodi ya kulinda viwanda vyao dhidi ya bidhaa za Kenya. Mliberali anasema hapana, wote watatu walikuwa na faida ya kubaki pamoja, tatizo ni taasisi dhaifu na siasa za ndani kupishana, Tanzania inajenga ujamaa Kenya inafuata ubepari, na maamuzi makubwa yanasubiri marais watatu wakae, sasa Amin alipompindua Obote, rais wa Uganda, Januari 1971 Nyerere akagoma kukaa naye meza moja, vikao vya marais vikafia hapo.

Hatua wengi wanaruka, na ndo yenye maksi, ni kuonyesha kila nadharia inakwama wapi. Uhalisia unakwama kwenye mgomo wa Nyerere: nguvu ya Uganda haikubadilika siku ile ya mapinduzi, kilichobadilika ni nani kakalia kiti. Uliberali unakwama kwenye vita vya Kagera kati ya Uganda na Tanzania, nchi zilizotumia reli na posta moja kwa miaka, mwishoni mwa 1978 jeshi la Amin linavuka mpaka, Aprili 1979 askari wa Tanzania wako Kampala. Mliberali atajitetea kwamba Jumuiya ilishakufa na Amin alikuwa dikteta, utetezi wenye nguvu huo, nao uuandike.

Tafadhali usiandike kwamba uhalisia unapenda vita na uliberali unapenda amani, hiyo inaniuma kila nikiisoma. Chukua wanazuoni wawili: Waltz anaona nchi inatafuta usalama kwanza, Mearsheimer anaona inasaka nguvu bila kutosheka, na wote ni uhalisia. Keohane, mwanazuoni wa upande wa uliberali, anakubali kabisa kwamba hakuna serikali juu ya serikali, anachobisha ni kwamba taasisi zinasaidia nchi kuaminiana hata hivyo. Ugomvi wao uko hapo.

Ukitaka kujipima, chukua mpaka wa Kenya na Tanzania, ulifungwa 1977 ukafunguliwa 1983, na wakati wote huo hao wawili hawakupigana. Andika aya moja ya uhalisia, moja ya uliberali, kisha ya tatu useme ipi imekushawishi na kwa ushahidi gani.