Somo: "Encourage" si "kutia moyo" kila mahali

Nimeamua kuliandika somo hili mara moja, kwa sababu wiki hii pekee nimeulizwa mara nne kama kitenzi "encourage" ni kutia moyo au ni kuhimiza, na nimechoka kuchapa jibu lilelile kwenye simu. Mimi ni mfasiri hapa Nairobi, na kitenzi hiki hunijia karibu kila siku.

Hatua ya kwanza ni tahajia: huanza kwa "en", si "in", na mkazo huwa kwenye silabi ya pili.

Hatua ya pili ni muundo. Mtendewa hutajwa kwanza, kisha huja "to" na kitenzi: "She encouraged me to apply", yaani alinihimiza nitume maombi. Usiandike "She encouraged me that I apply". Asipotajwa mtu, nomino hufuata moja kwa moja, kama katika "The school encourages reading".

Hatua ya tatu ndiyo iliyoniaibisha, kwa hiyo isome polepole. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kijikaratasi cha afya chenye sentensi "Standing water encourages mosquitoes", nami, kwa kuwa nilikuwa nakimbilia matatu ya mwisho ya Rongai, nikaandika kwamba maji yaliyotuama huwatia moyo mbu. Asubuhi mhariri alinipigia simu na kuniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, mbu hao walikuwa wamekatishwa tamaa na nani. Tangu siku hiyo hujiuliza kwanza kama mtendewa ana moyo wa kutiwa, na kama ana sababu ya kuvunjika moyo. Mgonjwa aliyekata tamaa hutiwa moyo. Abiria anayeombwa atunze risiti yake hana huzuni yoyote, kwa hiyo yeye huhimizwa. Mbu, kutu, ufisadi na bei hazina moyo hata kidogo, na hapo andika kuchochea, kuchangia au kuzidisha. Maji yangu yalipaswa tu kusababisha mbu wazaliane. Tahadhari nyingine ni kwamba matokeo yanayoitwa "encouraging" huwa yanatia matumaini, na hiyo haina maana kwamba yameshakuwa mazuri.

Mdau wa Kayole: Kwa hivyo encourage ni kutia moyo, sivyo?

Jibu: Tafadhali rudi kwenye hatua ya tatu.

Mdau wa Kayole: Nina haraka, nipe neno moja tu.

Jibu: Haraka ndiyo iliyowatia moyo mbu wangu.

Mdau wa Umoja: Unatuchanganya bure. Kuhimiza na kuhamasisha ni kitu kimoja.

Jibu: Sikulitaja kuhamasisha popote, lakini kwa kuwa umelileta, neno hilo limetokana na hamasa, na hufaa pale watu wanapoamshwa ari, kama katika kampeni ya chanjo. Mama anayemwambia mwanawe amalize uji hamhamasishi.

Mwanafunzi, Buruburu: Samahani mwalimu, mbona Kiswahili kinataja moyo na Kiingereza hakiutaji?

Jibu: Swali zuri sana, mwanangu. Kiingereza nacho kinautaja, ila umefichika. Neno hilo lilitoka Kifaransa cha kale, ambacho kilikuwa kimelijenga juu ya neno la Kilatini "cor", yaani moyo, na ndiyo maana ndani yake unaliona "courage", ujasiri. Mwingereza wa leo hausikii moyo huo kwa sababu kwa Kiingereza moyo ni "heart". Sisi bado tunausikia waziwazi: tunatia moyo, tunavunja moyo, na tunapiga moyo konde.

Mwanafunzi, Buruburu: Na kinyume chake je? Ni "discouraged me to go"?

Jibu: Hapana, hapo muundo hubadilika: "discouraged me from going". Na ukikutana na "embolden", ambalo pia ni kutia ujasiri, tazama anayetiwa ni nani, kwa sababu mara nyingi huwa ni mkorofi. "The silence emboldened the thieves" mimi huandika kwamba ukimya uliwafanya wezi waote mapembe.

Mdau wa Kasarani: Na mashabiki uwanjani, wanatia moyo au wanahimiza?

Jibu: Wanatia shime, ndugu yangu, hata kama timu inaongoza mabao matatu kwa bila.