SOMO: Kufunga throto nne za pikipiki kwenye injini ya Toyota 4A-GE ya valvu 16

Wakuu, throto (milango ya kuingiza hewa) nne, kila silinda na yake, hazileti nguvu za farasi za bure. Unachopata kwanza ni injini inayoitika mguu papo hapo, pamoja na mlio. Farasi watafuata kama kemshafti na ekzosi vinaruhusu. Toyota wenyewe walizifunga kiwandani kwenye 4A-GE ya valvu 20 tangu 1991; sisi wa valvu 16 tunachomoa za pikipiki. Hapa natumia za Suzuki GSX-R pamoja na nozeli zake (za kupulizia petroli). Kama hela ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kuprogramu haipo, subiri kwanza, maana ile ya asili haitaelewa hewa inayoingia kwa njia hii.

1. Manifoldi (kipande kinachounga throto na injini). Matundu ya kichwa cha injini ya gari yamekaa mbali kuliko ya pikipiki, kwa hiyo throto lazima uzitenganishe. Pima kwa venia (kalipa), siyo kwa rula. Kata bamba la alumini la mm 10 au 12 kwa kufuata gasketi, kisha chomelea paipu fupi nne. Chomelea bamba likiwa limefungwa boliti kwenye chuma kinene, la sivyo litapinda kama ndizi. Hata ukifanya hivyo, lirudishe kwa mkerezaji alisawazishe uso. Ndani kusiwe na ngazi kati ya paipu na tundu.

Kiungo cha paipu na throto kiwe mpira wa asili wa pikipiki. Mpira wa silikoni wa kawaida haufai: nozeli iko juu yake, petroli itapita humo na kuulainisha.

2. Sahani za pili. GSX-R nyingi za miaka ya 2000 zina sahani (vifuniko vinavyofungua na kufunga hewa) mbili kila throto, ya juu ikiendeshwa na mota. Toa za juu pamoja na shafti yake, ziba matundu. Ukigusa skrubu za sahani za chini, zirudishe na gundi ya kushika nyuzi za skrubu. Skrubu ikidondoka inaingia moja kwa moja juu ya pistoni.

3. Vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Kila paipu iwe na chuchu ndogo, mipira yote minne iende kwenye kitanki kimoja kidogo. Hapo ndipo utachukulia busta ya breki, kile kinacholainisha pedali (usisahau valvu ya njia moja) na sensa ya presha.

4. Mafuta. Presha ya petroli bar 3, regyuleta ikiwa wazi kwa hewa ya nje. Kontroli boksi isome pembe ya throto na resi (mizunguko ya injini kwa dakika). Vakyumu ya throto nne inarukaruka mno kuwa kipimo kikuu cha mzigo.

5. Kusawazisha. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapochoka. Injini iwe ya moto, kebo ya mafuta imelegea. Weka kipima hewa kwenye tarumbeta (mdomo wa kuvutia hewa wa throto) ya kwanza, soma, nenda ya pili. Linganisha 1 na 2 kwa skrubu iliyo kati yao, halafu 3 na 4, mwisho jozi kwa jozi. Kila ukigusa moja, nyingine zinabadilika, kwa hiyo rudia. Kisha shika resi 2,500 upime tena: zikilingana sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa) lakini zikaachana kwenye resi, kiungo cha shafti kina uchezaji.

6. Tyuning. Funga sensa ya oksijeni ya waidibendi (inayosoma uwiano wa hewa na petroli). Mguu ukiwa chini kabisa lenga hewa 12.5 hadi 13 kwa petroli 1. Usitegemee rangi ya plagi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Dodoma: Mkuu, tarumbeta zikae wazi? Zinapendeza.
Jibu: Zinapendeza kwenye picha. Kwa vumbi la huko pistoni na ringi hazitadumu. Vaa filta za sponji zilizopakwa mafuta yake, na uache nafasi mbele ya mdomo wa tarumbeta.

Mdau wa Nakuru: Boss, sailensi imegoma kwa 2,000 na skrubu nimefungua zote.
Jibu: Inavuta upepo mahali. Injini ikiwa baridi, nyunyiza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo kwenye kila kiungo. Resi ikibadilika, umepata. Kizima moto kiwe karibu. Kama pako sawa, tazama kebo isiwe imekaza.

Mdau wa Tanga: Shikamoo fundi. Breki yangu imekuwa ngumu baada ya kufunga.
Jibu: Marahaba. Umechukua vakyumu kwenye silinda moja, siyo? Chukua zote nne. Kupima: injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Pedali ikizama kidogo busta inafanya kazi. Isipozama, gari isitoke getini.

Mdau wa Morogoro: 4A-FE ya Corolla 110 inakubali?
Jibu: Kufungika inafungika. Ila kile kichwa kilibuniwa kubana mafuta. Kwa hela hiyohiyo mimi ningetafuta 4A-GE nzima.