Nyumba ya mawe ya Lamu kama darasa la usanifu wa ndani

Usianze na picha. Mimi huwapa wanafunzi wangu futi ya kupimia na karatasi tupu, kisha tunaingia nyumba ya mawe katika mji mkongwe wa Lamu, ulioorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Omba ruhusa mapema. Viatu vibaki mlangoni.

Waketishe kwanza dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, kwenye baraza. Waulize: mgeni akiishia hapa, anaona nini cha ndani? Haoni kitu, maana njia imepinda. Hiyo ndiyo sitara, na wataikumbuka kuliko mhadhara wangu wowote.

Halafu wapime vyumba. Watakuta virefu na vyembamba, upana mita 2.5 hadi 3 hivi. Usiwape jibu, waambie watazame juu. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana huo, kwa kuwa zinabeba dari zito la mawe na chokaa.

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zitengee siku nzima. Kila kimoja kichorwe kwa mkono, pamoja na kivuli chake. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunichorea zidaka nyuma ya kaunta ya baa. Sikumkemea. Nilimrudisha kwa bibi mwenye nyumba, akamsimulia vyombo vya kaure vilivyopangwa humo na faragha ya ndani. Alichora upya, bila kuambiwa.

Kazi ya mwisho: chumba cha kulala cha leo, kisichonakili pambo hata moja, lakini chenye sitara. Nakala ya vipimo mpe mwenye nyumba.