Mzee mwenye dimensia: usimpe mtihani

Ukiingia kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, acha lile swali letu la mazoea: "Bibi, mimi nani?" Akikosa jibu anaona aibu, na uchungu wake unaweza kubaki hata baada ya kulisahau swali lenyewe. Jitambulishe wewe: "Shikamoo bibi, ni mjukuu wako, mtoto wa kitindamimba wako."

Kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea. Za ujanani hukawia. Kwa hiyo mwite kwa jina alilojijua nalo enzi zake. Aliyeshika chaki maisha yake yote huenda akageuka upesi kwa "Mwalimu" kuliko kwa "Mama Fulani". Mikono nayo ina kumbukumbu zake: aliyekuwa akisuka mikeka mpe ukili, mtu wa jikoni mpe ungo wa mchele achambue. Ukikuta mawe bado yamo, nyamaza tu, urudie baadaye akiwa hayupo.

Wanachokisahau wengi ni kioo. Baadhi ya wagonjwa hujiona bado vijana, hivyo yule mzee wa kwenye kioo huwa mgeni aliyevamia chumba, na usiku ni kelele tupu. Usibishane naye. Kifunike kwa kanga. Kisha mlangoni pake bandika picha yake ya ujanani, si ile ya harusi ya mwaka jana. Mara nyingi ile ya zamani ndiyo anayoitambua kuwa ni yeye, na humsaidia kukijua chumba chake.