Somo: Kuwalisha Kuku wa Mayai Nafaka Nzima

Kuku hana meno. Punje anayoimeza hulainika kwanza kwenye gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni, kisha husagwa na misuli ya firigisi kwa msaada wa vijiwe alivyookota, na ndiyo maana anayetaka kulisha nafaka isiyosagwa huanza na vijiwe kabla ya nafaka yenyewe.

Hatua ya kwanza: waliofungiwa bandani wawekewe changarawe ngumu katika chombo cha peke yake. Wanaozurura kwa kawaida hujiokotea. Maganda ya chaza si mbadala, kwa kuwa huyeyuka tumboni. Kazi yake ni kuleta kalsiamu ya ganda la yai.

Hatua ya pili: chagua ngano, mtama, shayiri au mahindi yaliyokauka vizuri. Punje zenye ukungu tupa zote, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika upya. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa zisitumike hata zikioshwa.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huikosea, ni kiasi. Kuku anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku na huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi, ilhali mahindi yana asilimia 8 au 9 tu. Kwa hiyo nafaka isizidi gramu 20 kwa kila kuku, na chakula kamili cha watagaji kibaki kuwa mlo mkuu. Anza na nusu ya kiasi hicho kwa wiki moja. Imwage alasiri juu ya matandazo, wakiwa wamekwisha kula chakula chao, nao watapekua hadi jioni na kulala na gole lililojaa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naona punje nzima kwenye kinyesi. Nifanye nini?
Kagua changarawe kwanza. Zikiwapo, punguza nafaka na uvumilie wiki mbili hivi, kwa sababu firigisi iliyozoea chakula laini huwa ndogo na huhitaji muda kukomaa.

Je, ninaweza kuiloweka?
Ndiyo. Iloweke usiku kucha, imwage maji, isuuze, na uitoe siku hiyo hiyo. Ikitoa harufu mbaya au utelezi, itupe.

Tangu nianze kuwapa ngano mayai yamepungua. Je, ngano ina madhara?
Ngano yenyewe haina. Pima unachotoa kwa mizani badala ya kukisia kwa mkono. Mara nyingi kuku hujishibisha nafaka na kuacha chakula kamili chenye virutubisho. Kiasi kikiwa sahihi, angalia kama wananyonyoka manyoya, kwani wakati huo utagaji hushuka wenyewe.

Vifaranga wa wiki tatu nao?
Subiri wafike wiki ya nane, uwape changarawe ndogo, kisha uanze na mtama. Mahindi mazima yasubiri zaidi.